Ndege ya volti 14: harufu ya plastiki ikiungua taa ya kutua ikiwashwa, na sindano ya amita inatetemeka

Rubani_Mdogo:
Wakuu, naomba ushauri wa mafundi wa umeme wa ndege. Ndege ni ya injini moja, viti vinne, ya miaka ya 1970, mfumo wa volti 14, alteneta ya ampea 60. Kasoro ni hizi:

– Taa ya kutua (4509, wati 100) ikiwashwa pamoja na hita ya pitoti (mrija wa kupimia kasi ya ndege), baada ya dakika chache inatoka harufu ya plastiki inayoungua nyuma ya dashibodi. Swichi ya taa inakuwa ya moto kushika.
– Breka (kitufe kinachoruka nje na kukata umeme ukizidi) ya taa hiyo imeruka mara mbili. Kwenye dashibodi imefungwa ya ampea 15, mchoro wa ndege unaonyesha 10. Waya ni namba 18 (kipimo cha unene; namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba).
– Sindano ya amita inatetemeka muda wote injini ikiwa juu ya mizunguko 1500, na taa za dashibodi zinapepesa nayo.
– Nyuma ya dashibodi kuna nyaya ambazo ganda lake limekuwa gumu na lina nyufa, na kiungo kimoja kimezungushiwa utepe mweusi wa kawaida.

Kuna pendekezo la kubadilisha breka na swichi tu, kisha ndege irudi kazini. Je, inatosha? Au ni lazima kufumua nyaya zote? Na kazi ianzie wapi?

Fundi_Nyaya:
Haitoshi. Kwanza breka ya taa itolewe nje na ifungwe kishikio ili mtu asiisukume ndani, ndege iandikwe kwenye kitabu kuwa taa haitumiki. Harufu ya kuungua ni kasoro iliyo wazi, isikae kwa maneno ya mdomo tu.

Sasa hiyo breka ya 15. Breka inalinda waya. Taa hailindwi nayo. Waya wa shaba namba 18 unalindwa na breka ya ampea 10. Namba 20 na 7.5, namba 16 na 15, namba 14 na 20. Ukiweka 15 kwenye namba 18, shoti isiyo kamili ya ampea 13 au 14 inaweza kuendelea muda mrefu bila breka kuruka, na waya ulio katikati ya fungu hauna pa kutolea joto. Aliyeweka 15 aliona breka inaruka akadhani breka ndiyo mbovu.

Fanya hesabu: wati 100 kwa volti 13 ni ampea 7.7. Breka ya 10 haipaswi kuruka kwa mzigo huo. Ikiruka, sababu ni mojawapo ya tatu. Waya umekwanguka unagusa bodi mara kwa mara. Au breka yenyewe imechoka. Au skrubu ya nyuma ya breka imelegea. Hii ya tatu watu wengi huisahau. Breka hizi huruka kwa joto, kwa hiyo kiungo kilicholegea kinaipasha breka moto kutoka nje na inaruka hata mkondo ukiwa sawa.

Utaratibu wa kupima:

1. Masta (swichi kuu ya umeme) ikiwa imezimwa, toa waya hasi wa betri. Chomoa waya kwenye taa (nyuzi ya taa ikiwa baridi ukinzani wake ni mdogo sana, itakudanganya kuwa kuna shoti). Zima swichi, toa waya upande wa mzigo, pima ohmu kati ya waya huo na bodi. Multimita isionyeshe muunganiko wowote. Msaidizi atikise fungu la nyaya kutoka dashibodi hadi ukuta wa injini na mbele hadi kwenye taa, huku wewe unatazama namba. Ikiruka hata mara moja, umepata mahali.

2. Rudisha kila kitu, weka breka ya 10, washa masta na taa, injini ikiwa imezimwa. Weka multimita kwenye volti na upime volti zinazopotea hatua kwa hatua: kati ya basbaa (bamba linalogawa umeme kwa breka zote) na sehemu ya kutokea ya breka, kati ya pini mbili za swichi, kwenye plagi ya kava ya injini, na kati ya mguu hasi wa taa na nguzo hasi ya betri. Usipime volti ya mwisho peke yake. Namba ya kila hatua ndiyo inakuonyesha mwizi. Usizidishe dakika mbili, taa hiyo inapozwa na upepo.

Jumla ikubalike hadi nusu volti kwa mzigo wa kudumu kwenye mfumo wa volti 14, na volti 1 kwa mzigo wa muda mfupi kama stata. Mfumo wa 28 ni mara mbili ya hapo.

Andika namba hapa tuzisome.

Breka_Moja:
Naongeza jambo moja tu kuhusu kurudisha breka iliyoruka, maana swali linasema imeruka mara mbili, yaani kuna mtu aliirudisha.

Tarehe 10 Julai 2007 Cessna 310R ilianguka Sanford, Florida, baada ya moshi angani. Siku moja kabla rubani mwingine alinusa harufu ya kuungua, akatoa breka ya rada ya hali ya hewa, tatizo likaisha, akaripoti. Ndege iliruhusiwa kuruka bila kasoro kutafutwa. Uchunguzi wa NTSB (bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali za usafiri) uliona kuwa breka hiyo huenda ilirudishwa ndani na umeme ukafika tena kwenye waya wenye kasoro. Walikufa watu watano, watatu wakiwa chini majumbani.

Kwa hiyo angani breka iliyoruka inabaki nje. Irudishwe tu kama kifaa chake kinahitajika ili kutua salama, mara moja, baada ya kuiacha ipoe dakika moja angalau. Ikiruka tena, basi. Taa ya kutua haimo kwenye orodha ya vitu vinavyohitajika ili kutua salama, hata usiku. Hita ya pitoti ndani ya mawingu ni habari nyingine.

Ampea60:
Mimi nachukua sindano inayotetemeka. Watu hukimbilia kununua regyuleta (kidhibiti cha volti ya alteneta) mpya, na mara nyingi sindano inaendelea kutetemeka vilevile.

Regyuleta inasoma volti kupitia waya uleule unaopeleka mkondo wa fildi (koili ya sumaku) ya alteneta. Njia yake kwa ndege nyingi za aina hiyo: basbaa, breka ya fildi (5), nusu ya ALT (alteneta) ya swichi ya masta, kihisi cha volti kupita kiasi, plagi, kisha regyuleta. Tuseme swichi ina kutu kidogo ndani. Fildi ikivuta ampea 2, volti inapotea pale swichini. Regyuleta inaona pungufu, inadhani basbaa imeshuka, inafungulia fildi zaidi. Volti ya basbaa inapanda, regyuleta inakata. Upotevu unatoweka, inaona nyingi ghafla. Mzunguko huo unajirudia mara kadhaa kwa sekunde, na ndio mtetemo unaouona.

Pima kati ya basbaa na terminali ya regyuleta inakoingilia umeme, masta na ALT zikiwa zimewashwa. Ikizidi 0.2, fuatilia hatua kwa hatua kama alivyosema Fundi_Nyaya. Ukinipa nafasi ya kukisia, ni swichi ya masta au breka ya fildi.

Kuna sehemu ya pili: ethi ya regyuleta (njia yake ya hasi kupitia bodi ya ndege). Kasha lake likikaa juu ya rangi au kutu kwenye ukuta wa injini, ethi inapanda, mathalani 0.3 juu ya hasi ya betri, na basbaa nayo inapanda kwa kiasi hichohicho. Hapo betri inachajiwa kupita kiasi, maji yanakauka, na hewa ya haidrojeni inatoka kwenye tundu la betri kwa wingi. Kama bomba la kupumulia limeziba, inabaki ndani ya kasha.

Usiguse skrubu ya kurekebisha regyuleta kabla hujamaliza haya. Ukirekebisha volti juu ya kiungo kibovu, siku kiungo kikisafishwa volti itakuwa kwingine kabisa. Baada ya kusafisha, injini ikiwa na joto, mara nyingi utapata kati ya 13.8 na 14.2 kwenye basbaa. Namba sahihi ni ya kitabu cha ndege hiyo. Kihisi cha volti kupita kiasi kwenye mfumo huu hukata karibu na volti 16.

Mwisho, pima volti za mkondo geu (AC) kwenye nguzo za betri, injini ikizunguka na mizigo ikiwa imewashwa. Ukipata zaidi ya nusu volti, shuku dayodi ndani ya alteneta, na hapo kusafisha swichi hakutasaidia. Mikono na nyaya za kipimio ziwe mbali na propela. Pitisha nyaya za kupimia hadi ndani ya kabini kabla injini haijawashwa.

Rubani_Mdogo:
Ahsanteni sana. Vipimo vimefanyika na fundi mwenye leseni. Taa ikiwa imewashwa, betri 12.4:

– basbaa hadi kutoka kwa breka: 0.08
– swichi ya taa: 0.61
– plagi ya kava ya injini: 0.12
– hasi ya taa hadi hasi ya betri: 0.35

Basbaa hadi regyuleta: 0.34, ambapo 0.27 iko kwenye nusu ya ALT ya swichi ya masta. Mkondo geu 0.06. Kipimo cha ohmu hakikuruka fungu lilipotikiswa.

Mambo mengine yaliyoonekana: kile kiungo chenye utepe kiko sentimita 2 kutoka kwenye bomba la geji ya presha ya mafuta, tena chini yake. Pia kontakta ya masta (swichi ya sumaku inayounganisha betri) inakuwa ya moto sana ndani ya dakika kumi hata bila mzigo. Fundi mmoja anashauri viungo vyote vya waya vichomelewe kwa risasi badala ya kubanwa.

Fundi_Nyaya:
Namba nzuri, zinasema kila kitu. Jumla ni 1.16, zaidi ya mara mbili ya kinachoruhusiwa.

Swichi: volti 0.61 mara ampea 7 hivi ni wati 4 na kidogo, ndani ya kitu chenye ukubwa wa kidole gumba. Harufu yako inatoka hapo. Taa ya nyuzi inapowashwa ikiwa baridi huvuta mkondo mara kumi hivi kwa sehemu ya sekunde, na miaka mingi ya hivyo inakula midomo ya swichi. Usinyunyizie dawa ya kusafishia ukairudisha. Badilisha kwa namba ileile ya sehemu, na kata mwisho wa waya hadi ufike shaba inayong'aa. Shaba iliyopata joto inageuka nyeusi na terminali mpya juu yake itapata joto tena. Swichi ya masta nayo itoke, 0.27 kwenye nusu moja ni nyingi.

Ethi ya taa: 0.35 gawanya kwa 7 ni miliohmu 50. Kiungo cha ethi kinatakiwa kisizidi miliohmu 3. Fungua, kwangua rangi na kutu hadi alumini safi, eneo kubwa kidogo kuliko terminali, funga kwa washa (ringi) yenye meno, kisha paka kinga juu ya kiungo kilichokwisha kufungwa. Ukipaka kabla, umeharibu.

Plagi: badilisha pini mbili hizo. 0.12 si mbaya sana lakini inakua.

Kiungo karibu na bomba la mafuta ndicho cha kwanza kufanyiwa kazi, kabla ya swichi. Waya ukipiga cheche kwenye bomba la chuma unaweza kulitoboa na kuwasha mafuta kwa tendo lilelile. Nyaya zipite juu ya bomba au usawa wake, kamwe chini, kwa sababu bomba likivuja linadondokea nyaya. Nafasi inayotakiwa ni sentimita 15. Isipopatikana, fungu na bomba vifungwe kwa klampu kwenye kiunzi kimoja ili visisogeleane. Chini ya sentimita 5 waya uvikwe mrija wa nailoni wa kukinga. Chini ya sentimita 1.3 hairuhusiwi hata kwa mrija. Na klampu zikae karibu kiasi kwamba waya ukikatika kwenye klampu, ncha yake isiweze kulifikia bomba. Usifunge waya juu ya bomba la mafuta kama kishikio. Bado linaonekana kwenye ndege nyingi mno.

Wewe una 2, tena kiungo kiko chini ya bomba. Ondoa kipande chote, weka waya mzima usio na kiungo eneo hilo, upitishe juu. Ukishaona bomba, likague kwa kioo: doa la mkwaruzo linatosha kulibadilisha.

Mzee_Kontakta:
Kontakta ya moto bila mzigo: karibu kila mara mtu ameweka kontakta ya stata mahali pa masta. Kwa sura ni pacha. Ile ya stata ni ya kazi ya muda mfupi, koili yake ina ukinzani wa ohmu 3 hadi 5, inavuta ampea 3 au zaidi. Ya masta ni ya kazi ya kudumu, ohmu 15 hivi, chini ya ampea 1. Zima, toa waya mdogo wa koili, pima. Ukipata 4, umepata jibu. Koili hiyo itaungua siku moja na ndege itapoteza betri yote angani. Joto la vuguvugu kwa kontakta sahihi ni la kawaida, usilifukuzie.

Ukiweka mpya, hakikisha ina dayodi sambamba na koili. Bila dayodi, kila masta inapozimwa koili hurusha volti nyingi nyuma na cheche inakula midomo ya swichi ya masta. Huenda hiyo ndiyo sababu ya swichi yako kuchoka. Mstari kwenye dayodi uelekee upande wa betri, upande wa pili kwenye waya unaokwenda kwenye swichi. Ukiigeuza, masta ikiwashwa dayodi inakuwa shoti moja kwa moja.

Ukiwa hapohapo, angalia nyaya zinazotoka upande wa betri wa kontakta, zile zisizozimwa na masta: saa ya dashibodi, wakati mwingine kiberiti cha sigara. Kila mmoja uwe na fyuzi karibu kabisa na kontakta. Waya usio na fyuzi pale hauwezi kuzimwa na rubani kwa swichi yoyote.

Ampea60:
Kuhusu kuchomelea risasi, sikubaliani na fundi huyo. Risasi hunyonywa ndani ya nyuzi za waya hadi sentimita moja au zaidi chini ya ganda. Sehemu hiyo inakuwa ngumu kama msumari na waya laini unaanzia ukingoni mwake. Mtetemo wa injini unaukata hapohapo, ndani ya ganda, pasipoonekana. Kwenye redio, mahali palipotulia na waya umeshikwa, sina ugomvi. Upande wa injini hapana.

Tumia terminali zenye shati la ndani la chuma linaloshika ganda: nyekundu kwa namba 22 hadi 18, bluu 16 na 14, njano 12 na 10. Koleo liwe la kujifungia, lisiloachia mpaka limemaliza kubana. Koleo la dukani la magari linaacha terminali imebanwa nusu. Tengeneza moja ya mfano uivute: namba 18 ihimili takriban kilo 17. Kipande kimoja cha waya kisiwe na kiungo zaidi ya kimoja, na kiungo kisiwe ndani ya sentimita 30 za terminali. Nguzo moja isibebe terminali zaidi ya nne.

Fundi_Nyaya:
Swali la kufumua nyaya zote lilibaki. Kwa maoni yangu, hapana, si kwa mara moja. Kufumua dashibodi nzima bila sababu kunaleta makosa mapya, na nyaya za zamani zikikunjwa sana zinapasuka hata zile zilizokuwa nzima. Badilisha zote zilizo upande wa injini, zote zilizo na nyufa, na zinazobeba mkondo mkubwa kati ya kontakta, amita na basbaa. Nyaya hizo za zamani zina ganda la PVC, na PVC ikiungua inatoa moshi wa asidi unaofumba macho ndani ya kabini ndogo. Weka waya wa ndege aina ya M22759/16: inahimili nyuzi joto 150 na volti 600, na ganda lake ni jembamba hivyo fungu halinenepi. Kata unene ule wa mchoro, namba 18 ibaki 18 na breka 10.

Kila waya unaopita kwenye tundu la chuma uwe na raba yake. Ukisukuma fungu kwa mkono katikati ya klampu mbili lisilegee zaidi ya sentimita 1.3, na klampu zisiachane zaidi ya sentimita 60. Baada ya kufunga, sogeza usukani na pedali hadi mwisho wa kila upande huku mtu anatazama nyuma kwa tochi. Fungu libaki sentimita 7.5 kutoka kwa kebo na minyororo.

Rubani_Mdogo:
Kontakta imepimwa: ohmu 4.1. Inatoka. Swali la mwisho: betri imekuwa ikichajiwa na mfumo huu mbovu kwa muda usiojulikana. Inaonyesha 12.7 ikiwa imepumzika na inawasha injini bila shida. Iachwe?

Mzee_Kontakta:
12.7 inakwambia imejaa, haikwambii ina ujazo gani. Kuwasha injini ni sekunde chache tu. Wewe unataka kujua alteneta ikifa itabeba redio na vifaa kwa dakika ngapi. Itoe, ichaji hadi ijae kwa utaratibu wa mtengenezaji, iache itulie hadi joto la chumba, kisha itoe umeme kwa mkondo wa saa moja. Betri ya ampea-saa 23 inatolewa ampea 23 bila kubadilika. Pima dakika hadi volti ifike 10. Kiwango cha kawaida ni asilimia 80, yaani dakika 48. Watengenezaji wengine wanataka 85, soma karatasi ya betri yako. Ikiwa chini, watengenezaji wengi wanaruhusu kuichaji kwa utaratibu wa kuihuisha na kuipima mara ya pili. Ikishindwa tena, nunua nyingine. Wakati betri iko nje, osha kasha lake kwa maji yenye magadi ya kuokea, suuza, kausha, na puliza bomba la kupumulia uhakikishe hewa inatokea upande wa pili.